Geti la Baba

Lile geti bado linalia, bwana. Ukilisukuma linatoa mlio kama bata aliyekanyagwa, halafu linakwama katikati mpaka ulinyanyue kwa bega. Juzi nililinyanyua bila hata kufikiria. Nilikuwa nimeitwa mkutano wa wazazi, maana mjukuu wangu yuko darasa la tatu katika shule yenye geti hilo, hapa Obunga, ambayo mimi mwenyewe niliiacha nikiwa la tano. Geti hilo lilitengenezwa na baba yangu.

Tuliketi kwenye nyasi karibu na jiko la shule, mabati manne na moshi. Harufu ya mahindi na maharagwe ikanipata hapo, nikawa mtoto tena.

Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye alikuwa mpishi wa shule zamani hizo. Alipika nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka mpaka yakapasuka, kwa sufuria moja tu kubwa, nyeusi nje, ndani imeng'aa kwa kusuguliwa na majivu. Kila mtoto alileta kipande cha kuni asubuhi. Ukija mikono mitupu, unatumwa maji. Saa sita na nusu nyanya anagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, na hata kama mwalimu bado anaandika ubaoni, hapo somo limekwisha. Kama alijua kwenu jana hapakuwashwa moto, mwiko wake ulirudi ndani mara ya pili. Hakukuuliza kitu. Alisema tu, "Songa, wewe, unawazibia wenzako."

Siku wazazi walipokaa hapo hapo kwenye nyasi kugawa pesa ya mwaka, nilikuwa naye nyuma ya jiko, tunachambua maharagwe. Pesa ilitosha kitu kimoja: chakula au geti. Mwenyekiti wa wakati huo, mtu wa duka la mafuta taa, alisema shule bila geti ni zizi la ng'ombe. Mwalimu mkuu akamuunga mkono, kwa sababu mkaguzi alikuwa njiani. Halafu mwenyekiti akatoa ujanja wake: "Anayepinga asimame." Si kuinua mkono, hapana. Usimame, watu wote wakuone.

Nyanya akamtazama baba. Baba alikuwa fundi wa vyuma, mtu wa kuongea, watu walimsikiliza. Baba akaangalia viatu vyake. Kazi ya kutengeneza geti alikuwa ameshaahidiwa.

Jioni ile nyanya alibeba sufuria kichwani mpaka nyumbani, na hakusema na baba mpaka mvua zote za msimu zikaisha. Siwezi kudanganya, ile pesa ya geti tuliila. Mwezi mzima tulikula samaki mwenye kichwa na mkia, si omena, vile vidagaa vya ziwani. Kisha ikaisha. Mchana shuleni nilianza kuona ubao unacheza. Nikawa natoroka kwenda ufukweni kuwabebea akina mama samaki, wananilipa kwa chakula. Darasa la sita sikulijua. Baba akaniambia, basi njoo ushike nyundo.

Kwa hivyo nikiulizwa nani alizima jiko, mimi nawataja: mwenyekiti, mwalimu mkuu, baba. Nimewataja miaka yote kwa kufuatana hivyo, na siku nyingine baba namweka mbele.

Sasa juzi. Mwenyekiti wa siku hizi, kijana wa shati safi, akafungua karatasi zake. Bajeti ni ndogo, akasema, jiko hili lililorudishwa linakula sana, na hili geti ni aibu. Anataka lile la kuteleza, lenye jina la shule kwa herufi kubwa.

Mama mmoja muuza mboga akadakia, "Mwenyekiti, mtoto wangu atakula hilo jina?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamgeukia. "Mama, wewe kila mwaka ni tumbo tu! Watu wanatucheka."

"Wacha wacheke, Mzee. Wao wameshiba."

Wakiwa katika kelele hiyo mwenyekiti akaja akainama karibu nami. "Fundi, tulia tu. Hiyo kazi ni yako, si ya mtu mwingine." Kisha akarudi mbele, akasafisha koo. "Haya. Anayepinga asimame."

Nikasimama. Nilikuwa nimengoja tangu utotoni, na nilifikiri itakuwa nzito, kwamba huko juu nitakutana na kile kitu kilichomkalisha baba. Sikukutana na kitu. Kusimama ni magoti tu.

"Fundi, unapinga geti?"

"Napinga." Nikawaambia lile la kwanza lilinunuliwa kwa chakula cha watoto.

Mama wa mboga akasimama, na wengine wanne. Geti likapita. Kazi akapewa fundi wa Manyatta. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikisema moyoni, baba, umeona? Ilikuwa rahisi.

Jumatatu jiko la shule halikuwashwa. Mjukuu wangu akaja mchana kwenye kibanda changu cha kuchomelea vyuma, na rafiki zake wawili. Nikanunua chapati na maharagwe, tukagawana. Jumanne wakaja saba. Walisimama na vumbi lao miguuni, wanaangalia mdomo wangu unavyotafuna, nikawaachia sahani. Wiki hiyo hakuna kazi iliyokuwa imeingia, na ile moja ya geti niliikataa mwenyewe. Nyanya alifanyaje? Alipimaje mpaka yule wa mwisho apate? Sikumwuliza, siku zile nilikuwa naangalia bakuli langu tu. Sufuria yenyewe ilitoboka, ikapandwa sukuma wiki, siku moja ikawa haipo. Hakuna tena mtoto anayebeba kuni asubuhi, na saa sita na nusu upande ule ni kimya kabisa.

Jumatano nilimwita mjukuu ndani mapema, nikavuta mlango wa mabati, nikaweka komeo. Tukaanza kula. Nje nikasikia miguu ya wale watoto inafika.

"Fundi ameenda," mmoja akasema.

"Hajaenda. Nasikia harufu."

Wakagonga, polepole, mara tatu. Mjukuu akanitazama. Sikusimama.