Anayegeukia Ukutani

Katika kibanda cha kompyuta pale Timbwani, mama anayewajazia wenye biashara fomu za kodi huwataja wafanyakazi wao mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kama anayewaombea dua, huku vidole vyake vyembamba vikiandika mshahara na makato ya kila mmoja. Ikifika zamu ya nambari ya siri, husukuma kibodi kwa mwenyewe, akageukia ukutani na kujifunika mtandio usoni.

“Andika, mwanangu. Mimi sipo.”

“Waniona haya kama bibi harusi!” Jalila, mwoka mikate, humtania kila mwezi.

“Cheka tu. Siri yako sina haja nayo.”

Alhamisi moja, mishahara ya wasichana wake wanne wa kuoka ikiwa kwenye simu, Jalila alipigiwa na mtu aliyejiita ofisa wa kodi. Alimtaka ataje upesi nambari ya siri ya kodi, ile ile afunguliayo na pesa za simu, ama akaunti ifungwe. Jalila alikwishafungua kinywa, akaukumbuka ule mtandio.

“Baba, anijaziaye kodi mwaka wa tatu huu hajaitazama. Wewe waitakia nini?”

Simu ikakatika. Ijumaa wasichana walilipwa.

Mwezi uliofuata, mama alipogeukia ukutani, Jalila hakucheka. Alimwekea mkate wa moto mezani, ndipo akaandika.