Kelele za Kumrudisha kutoka Bondeni

Asubuhi hii ukungu umeshuka, na majani ya mkaratusi yaliyolowa yananukia kama uwanja wetu wa mpira. Uwanja ule ulikuwa kwenye mteremko. Sisi wasichana tulisimama upande wa bondeni, tukigonga madebe na kuuzuia mpira usitoroke, maana kijiji kizima cha ujamaa kilikuwa nao mmoja tu.

Siku moja mpira ulitupita, ukapotelea kwenye ukungu. Rafiki yangu, mwenye kelele kuliko sote, akafunga kanga vizuri, akaufuata.

“Msinyamaze,” alisema. “Nitarudi kwa sauti zenu.”

Tuligonga, tukaimba. Hata refa, aliyezoea kutukemea, akapuliza filimbi mfululizo. Rafiki yangu akaibuka amekumbatia mpira, ananukia mkaratusi, anacheka.

“Mbona mnaimba ovyo?”

Sasa nimetoka nje uani kuteka maji. Vidole vyangu vinaligonga debe la maji, kama siku ile.