Posa Tuliyoipeleka Nebraska

Niliondoka London kwa sababu mdogo wangu Mwadime alitaka kuoa, na kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Wazazi wetu walifariki kule Wundanyi nikiwa darasa la saba. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu watatu, kwanza kwa kuuza mboga, baadaye kwa kazi ya kuhudumia wazee Uingereza. Wawili nimeshawaoza. Mwadime, kitinda mimba, alienda kusomea mitambo ya kilimo katika mji mdogo wa Nebraska, Marekani. Alipomaliza akaajiriwa kwenye duka la vipuri vya matrekta, akampenda binti wa mwenye duka.

Binti mwenyewe, Lori, alikubali. Tatizo lilikuwa baba yake, Bwana Harlan, mgane aliyemlea Lori peke yake. Walipomwambia kwamba wanataka kuoana, hakusema ndiyo wala hapana. Aliinamisha kichwa, akarudi karakana, na tangu siku hiyo akawa anazungumza na Mwadime habari za boliti na mikanda ya feni tu.

"Dada, Lori anasema hawezi kufunga ndoa bila neno la baba yake," Mwadime aliniambia kwenye simu. "Na mimi siwezi bila Lori. Njoo useme naye. Mimi nikifungua mdomo ananipa spana."

Nikampigia mjomba Wundanyi. Yeye hakuwa na viza wala nguvu ya safari, lakini alikuwa na maagizo. "Usiende peke yako. Tafuta mwanamume mtu mzima hapo kanisani kwenu, mwenye maneno, akusaidie kusema."

Mwenye maneno nilimjua. Baba Furaha, Mkongo wa Uvira, dereva wa basi, mgane pia. Akipewa sala ya kufunga ibada, watu wenye mabasi ya kuwahi huanza kutazamana. Nilipomwomba, alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Ijumaa asubuhi tulikutana kituo cha treni cha Neasden. Yeye alikuwa amevaa suti ya kahawia na kofia, mimi nimevaa koti zito ingawa ilikuwa mwezi wa nane, maana huwa siamini hali ya hewa ya nchi za watu. Binti yake Furaha alikuja kutuaga. Baba alimwusia kwa Kiswahili kwa muda mrefu, naye akamjibu kwa Kiingereza, maneno mawili. Kisha akanigeukia akaniambia, kwa Kiingereza vilevile, nisimruhusu baba yake aombe kwa sauti ndani ya ndege.

Tulipita Rayners Lane kwanza. Karibu na kituo kuna duka la Wahindi waliotoka Nakuru, na Mwadime alikuwa ameniomba chevda, vitafunio vya pilipili na karanga, kama tulivyokuwa tukinunua Voi utotoni. Nikachukua mfuko mkubwa. Kutoka hapo tulipanda treni ya chini kwa chini hadi uwanja wa ndege, Baba Furaha akikosoa breki za dereva njia nzima.

Ndani ya ndege nilimweleza desturi ya kwetu. "Ukipeleka posa, huonji chakula cha nyumba ile mpaka mwenye nyumba akusikilize na akujibu. Ukila kabla, ni kama umesema hukuja na jambo la maana. Maji ruhusa."

"Na kahawa?"

"Kahawa ni chakula."

"Dada Wakesho, na kama ule baba anachelewa kujibu?"

"Tutangoja."

"Basi," akasema, akamwita mhudumu amwongezee mkate.

Jioni ya siku hiyohiyo, kwa saa za kule, Mwadime na Lori walitupokea Omaha. Mwadime alikuwa amenenepa shingo. Lori alikuwa msichana mrefu mwenye madoadoa usoni. Alinishika mikono miwili akasema, "Shikamoo, Dada," kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Nilikuwa nimejiandaa kumpima polepole. Nikajikuta nimeshamkumbatia.

Tukaingia kwenye pikapu. Njia nzima kulikuwa na mahindi pande zote mbili, yamesimama marefu kuliko mtu, mpaka jua linapozama. Nikauliza wanakula ugali wa namna gani watu hawa wenye baraka hivi.

"Hayo ni ya ng'ombe na nguruwe, Dada," Mwadime alisema.

Baba Furaha alivua kofia yake, akayatazama mahindi yale kama mtu anayepita msibani.

Mji wenyewe una barabara kuu moja, taa moja ya magari, mnara wa maji, kanisa na duka la Bwana Harlan. Kila dereva tuliyepishana naye aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kutusalimu. Baba Furaha aliwajibu wote kwa mkono mzima, na kabla hatujafika alikuwa amechoka bega.

Tulilala kwa Marge, dada yake Bwana Harlan, mama mnene mchangamfu asiyejua kuuliza jambo kwa sauti ya chini. Alitupandisha ngazi akatufungulia chumba kizuri chenye kitanda kimoja kikubwa na maua juu ya mto.

"Mmeoana miaka mingapi?" aliuliza.

"Hatujaoana," nikasema. "Huyu nimemwazima."

"Umemwazima?"

"Kwa ajili ya kusema."

Marge alimtazama Baba Furaha toka kofia hadi viatu. "Kuna mashine ya kufulia huko chini, na kochi," akasema. Naye Baba Furaha akashuka na sanduku lake bila manung'uniko.

Kesho yake, Jumamosi, Marge alituwekea mezani mayai, nyama, na mikate myembamba iliyomwagiwa asali ya mti. Nikamshukuru, nikaomba maji. Ndugu wa Harlan ni nyumba ya Harlan. Mchana jirani mmoja alileta bakuli la viazi vilivyookwa kwa jibini.

"Huyu mama haiko wa ile familia," Baba Furaha alininong'oneza. "Ni jirani tu. Acha nionje."

Kumbe ni binamu yao. Mji mzima ni binamu zao. Aliyekuja baadaye na jeli ya kijani yenye vipande vya karoti ndani alikuwa shemeji, na hiyo kidogo ilinirahisishia kukataa. Tulikaa nyuma ya gereji tukala chevda ya Mwadime, tukipokezana mfuko kama watoto watoro wa shule. Siku hiyo nilicheka mpaka karanga zikanipalia, na Baba Furaha akanipigapiga mgongoni akiwa na hofu ya kweli.

Jioni tulienda kwa Bwana Harlan. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mikono imesuguliwa ikawa safi isipokuwa kwenye kucha. Meza ilikuwa imejaa, na alikuwa amepika mwenyewe. Mwadime alikaa mwishoni kabisa na mdomo ameufunga, kwa kuwa anayeposewa hasemi.

Baba Furaha akasimama. Akawasalimu kwa Kiingereza waliopo na wasiokuwepo. Akaishukuru ndege. Akawashukuru waliojenga barabara, akayasifu mahindi, akamkumbuka marehemu mke wa mwenyeji. Kwetu jambo halitupwi mezani kama mfupa. Huzungukwa kwanza. Alikuwa bado yuko mbali na jina la Lori Bwana Harlan aliposema, kwa upole, "Asante sana, bwana. Chakula kinapoa." Akainamisha kichwa, akasali sala fupi kama risiti, na watu wote wakachukua vijiko.

Kule kwao watu hula kwanza, ndipo husema. Sisi husema kwanza, ndipo hula. Nilibaki nimekaa mbele ya kuku aliyepikwa vizuri, mikono mapajani. Baba Furaha alikaa polepole, akamtazama yule kuku, akafumba macho.

"Hamjisikii vizuri?" Lori aliuliza.

"Tuko salama, mwanangu. Tunangoja."

Hakujua tunangoja nini. Mwadime alinitazama kwa macho ya kuomba ruhusa, nami nikamkanya kwa jicho. Bwana Harlan aliondoa sahani zetu mwenyewe, zimejaa vilevile, akazipeleka jikoni. Nimehudumia wazee miaka mingi, na najua mgongo wa mtu aliyeumia. Nikajua kwamba nilikuja kuomba neno na huenda nimelifunga kabisa.

Jumapili, kanisani, habari ilikuwa imetutangulia. Wanawake walinishika mkono wakaniuliza kama tuna ugonjwa wa tumbo. Baada ya ibada Bwana Harlan alinijia mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina. Harufu yake haikuniacha nilale," nikasema. "Ila nimekuja kukuomba binti yako kwa ajili ya mdogo wangu. Kwetu siwezi kula kwako kabla hujanisikia na kunijibu. Ni heshima. Jana hukutusikia."

Aliizungusha kofia mkononi mpaka watu wa nyuma yetu wakaanza kutuzunguka.

"Kuniomba mimi," akasema.

"Wewe. Nani mwingine?"

Tulitembea mpaka pale maegesho yanapokutana na mahindi. "Waliniambia," akasema. "Walisimama karakana wakaniambia wanaoana. Hakuna aliyeniuliza. Nikaona kumbe neno langu halina kazi, nikarudi kwenye trekta."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yangu, kwamba tulichelewa kufika na kijana akatangulia.

"Basi nami nikuulize," akasema. "Niahidi kwamba hataondoka naye. Nina yeye tu."

Nyuma yangu Baba Furaha, aliyetufuata kwa umbali wa adabu, alikohoa. Nilielewa kikohozi chake. Ahidi, tule, twende nyumbani. Nami nilitamani kuahidi. Lakini mzee anayeuliza hivi ukimdanganya, atakumbuka kila siku.

"Siwezi," nikasema. "Hata mimi sina ahadi kwamba Mwadime atarudi kwetu. Nilimbeba mgongoni, na sasa nimekuja mwenyewe kumkabidhi kwenu. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hatakuficha. Akitaka kuhama, atakuja kukaa mezani kwako akuambie, na asipokuja nitamleta mimi."

Alivaa kofia, akatupeleka nyumbani kwake bila neno, akiinua kidole kwa kila gari. Mwadime na Lori walikuwa wameshafika, Marge anapanga meza. Nilimwona Lori akimsoma baba yake usoni, asipate kitu. Tukakaa. Watu wakainamisha vichwa kungoja sala.

Bwana Harlan hakusali. Alimgeukia Baba Furaha. "Bwana, jana nilikukatiza. Anza upya."

Baba Furaha alisimama, akafunga kifungo cha koti. Akaanza na ndege. Akapita barabarani, akapita kwenye mahindi, akaenda Uvira, akarudi kupitia Wundanyi, akaniwekea maneno kuhusu kuwalea wadogo zangu ambayo sikumfundisha. Mvuke uliisha juu ya viazi. Marge alihema. Mwishowe akafika. "Nyumba ya Wakesho inaomba binti yenu Lori kwa kijana wao Mwadime. Nimemaliza."

Bwana Harlan alisema, "Nimesikia. Ndiyo."

Akachukua sahani yangu akanipakulia kwa mkono wake. Lori alilia, Mwadime akapata ruhusa ya kufungua mdomo asijue la kusema, na Baba Furaha akala sahani tatu, na jeli ya kijani juu yake.

Jumatatu tuliondoka. Marge alitupa mkate wa matufaha uliofungwa kwa karatasi ya bati, na Bwana Harlan akanipa mkono akaushikilia. "Mwakani nitakuja kuona mlikotoka," akasema. Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Kwenye treni ya kutoka uwanja wa ndege, London ikiwa na manyunyu yake, Baba Furaha hakukosoa breki hata mara moja. Tulipita vituo kadhaa.

"Dada Wakesho," akasema. "Niulize kintu. Weye ndiye mkubwa kwenu. Baba hayuko, mama hayuko. Mtu akitaka kukuomba weye, aende kwa nani?"

Nilitazama dirishani. Nilikuwa nimewaombea wengine, nikaulizwa kuhusu wengine, na swali hilo halikuwahi kunipitia. Nilimjibu kwa sauti ambayo sikuizoea. "Aende kwa Mwadime."

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu Neasden na Furaha, na suti ileile. Nikapiga simu Nebraska kwa kadi, nikamweleza Mwadime. Nilidhani atacheka.

"Mpe simu," akasema. "Na wewe utoke nje, Dada. Anayeposwa hasemi."

Nikaenda jikoni, nikafunga mlango. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba mtu anaweza kupenda jambo na bado akanyamaza, kwa sababu tu hakuna aliyemfikiria wa kuulizwa. Nilikijua kwa Harlan, nikakijua zaidi nikiwa nimesimama pale kando ya sinki. Kupitia ukuta nilisikia sauti ya Baba Furaha ikiishukuru laini ya simu, kisha ikijibu maswali. Ndiyo. Ndiyo, anasali. Hapana, hanywi. Ndiyo, kila jambo ataniuliza mimi kwanza. Mdogo wangu, niliyemfungia kamba za viatu, alikuwa ananipimia mume, na wala hakuwa na haraka.