Taa ya Kijani Kwenye Kibodi ya Baba

Mimi sijui kukaa na kitu kibovu. Kikinishinda natembea huku na huku, natingisha mguu, nakuwa mkali bila sababu. Kwa hiyo Baba aliponipigia simu nikiwa kwangu Soweto, Moshi mjini, akasema "mashine yako imekataa," niliiacha chai mezani nikapanda bodaboda kwenda kwao Masama.

Macho ya Baba yalikuwa yanafifia, naye alikuwa anaandika habari za kihamba chetu, shamba la ukoo: nani alipanda kahawa ipi, nani kazikwa wapi. Aliyebaki anajua ni yeye tu. Nilimtengenezea njia ya mkato kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta niliyompa. Akibonyeza tano, ile ya upande wa namba yenye kinundu anachokipapasa kwa kidole, herufi zinakuwa kubwa kama za bango. Sasa alikuwa anabonyeza, hakuna kitu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Chukua tu mashine yako, mwanangu. Imetosha."

Imetosha nini? Nilifungua faili la njia za mkato, nikasoma mstari kwa mstari. Halina kosa. Nikafuta, nikaandika upya. Wapi! Nikazima kompyuta, nikawasha, nikabonyeza tano, herufi zikajaa kioo kizima. Nikajipongeza, nikaenda jikoni kula kiburu, ndizi na maharage. Kurudi, imekufa tena. Nikazima, nikawasha, ikakubali. Nikatoka nje kupokea simu, ikafa. Nilitamani kuitupa kwenye migomba. Na Baba amekaa pale, mikono magotini, haulizi kitu, na kutouliza kwake kulinikera kuliko mashine yenyewe.

Nilipoiwasha tena sikuondoka. Mama akapita na ndoo ya maziwa, akainama, akabonyeza kitufe kimoja, akaendelea na safari yake.

"Mama, umefanya nini hapo?"

"Nimezima taa. Mnaiacha inawaka mchana kweupe, uniti zinaisha bure."

Juu ya zile namba kuna taa ndogo ya kijani, inayojiwasha kila kompyuta inapowashwa. Ikiwaka, vitufe vya upande ule ni namba. Ikizimwa, vinafanya kazi nyingine kabisa, na njia yangu ya mkato haipo. Na Mama huzima kila taa anayoikuta inawaka, tangu umeme uingie nyumba hii. Nilicheka mpaka nikakohoa. Baba hakucheka.

Nikaiwasha ile taa. Baba akatafuta kinundu, akabonyeza, herufi zikakua. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Kumbe ni taa," akasema. "Mimi nilijua ni macho, ndiyo yameisha, nikasingizia mashine. Wiki yote hii najizoesha kwenda bandani kwa ng'ombe nimeyafumba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Aliweka ndoo chini, akaja akasimama nyuma ya kiti cha Baba.

"Ikizimika," akaniuliza, "naiwashaje?"