Siku Niliyokatazwa Kumwita Baba

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa mkaa, nyumbani kwetu Kariakoo kulikuwa na mwiko mmoja ulionitisha kuliko majini: msafiri akishavuka kizingiti, haitwi. Bibi, mama yake Baba, alisema ukimwita nyuma unamtia mkosi, na mkosi huo humngoja njiani. Baba alikuwa dereva wa lori la Mwarabu mmoja mwenye duka la jumla. Miaka ile ya hamsini, barabara ya Iringa wakati wa masika ilikuwa matope matupu, kisha ukaja mlima wa Kitonga, ambao madereva waliutaja kwa sauti ya chini. Kwa hiyo mkosi tuliuogopa kwelikweli.

Kila safari, kabla ya kuwasha gari, Baba alilala chali akachungulia uvunguni. Asubuhi ile hakuchungulia. Mawingu yalikuwa yametanda, na Bibi alimfukiza ubani haraka haraka mlangoni, akamwambia atoke kwa mguu wa kulia na asigeuke. Baba alipanda moja kwa moja, akaondoka.

Nilibaki nikitazama pale lori lilipolala. Mchanga ulikuwa mkavu, ila palipokuwa na gurudumu la nyuma palilowa. Niligusa, nikanusa. Baba alikwishanionyesha: majimaji ya utelezi kando ya gurudumu ni ya breki, na gari la namna hiyo haliendi popote.

"Bibi, breki inavuja. Nimwite?"

Lori lilikuwa bado linakata kona. Sauti yangu ingefika.

"Thubutu," Bibi alisema, amenishika gauni. "Unataka baba yako asirudi?"

Nilichanganyikiwa. Nikimwita, namuua kwa mkosi. Nisipomwita, namuua kwa Kitonga. Ndipo akili ya kitoto ikanijia: mwiko ni kumwita nyuma. Nikimtangulia je?

Nilijichomoa, nikakata vichochoro, nikiruka mitaro na kugonga ndoo za watu, huku lori likicheleweshwa na mikokoteni ya sokoni. Nilitokea Mtaa wa Msimbazi, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Baba aliniona. Niliona mabega yake yakishuka alipokanyaga breki, akakanyaga tena. Lori halikupunguza mwendo.

Niliruka mtaroni. Baba alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akalichomeka lori kwenye kifusi cha kokoto, likazima.

"Zainabu, umeumia?"

"Hapana, Baba. Breki inavuja."

Alichungulia uvunguni, kisha akaketi palepale kwenye kokoto, akanikumbatia. Nililia mpaka kwikwi.

Bibi aliamini hadi anakufa kwamba mwiko ndio uliomwokoa mwanawe, na hakuna aliyembishia. Ila toka siku ile, Baba akitaka kusafiri, kizee yule alijikongoja nje, akasimama mbele ya lori na bakora yake, asipishe mpaka amwone mwanawe akiingia uvunguni na kutoka. Watoto wa mtaa walimcheka, na mimi nikiwamo.

Leo nalisema wazi: mwiko wake nusura utuue sote wawili. Nimemwambia hivyo mwanangu, anayeendesha basi la mikoani, asije akaona vibaya kugeuka akiitwa. Bibi nimemsamehe zamani. Alikuwa amezika watoto watatu kabla ya Baba kukua, na hakuwa na kingine cha kumlindia huyu mmoja aliyebaki.