Mama alipoonyeshwa nyuma ya pakiti ya chai yetu

Wakuu salaam, mlioamka na chai na mlioamka na kelele za mwenye nyumba. Hili sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mkalimani nilikuwa mimi.

Kwetu ni Suma, Rungwe. Miaka ile serikali ilishajitoa kwenye kununua chai, tunaambiwa sasa ni soko huria. Huria kwa nani sijui, maana mnunuzi alikuwa mmoja na bei alikuja nayo mwenyewe.

Mama alikuwa na shamba aliloachiwa na marehemu baba. Alishachoka. Akasema msimu ukiisha anang'oa chai yote, anapanda migomba.

Roho iliniuma. Baba aliipanda ile chai kwa mikono yake, na chai ukishaing'oa ndio basi tena.

Bahati nzuri chama chetu cha wakulima kikaingia kwenye fair trade. Nikambembeleza mama asubiri, kuna wateja Ulaya wanalipa zaidi kidogo ili mkulima apate haki. Akakubali amsikie kwanza mgeni anayekuja.

Mgeni akaja, mama wa Kizungu mwenye duka la chai huko kwao. Mcheshi, hana makuu. Tukakusanyika kwenye banda la kupimia majani.

(Chai tuliyomkaribisha nayo ilinunuliwa dukani Bulyaga, imetoka mkoa mwingine kabisa. Wakulima wa chai sisi! Majani yetu yakishapanda gari hatuyaoni tena.)

Akatoa pakiti, akasema hii ndiyo chai yenu. Ikapita mkono kwa mkono, wazee wanainusa.

Nyuma palichorwa duara limekatwa vipande kama chapati. Kipande cha mwenye duka, cha msafirishaji, cha mfungashaji, cha kodi. Cha mkulima kilikuwa chembamba mpaka nikadhani ni mkunjo wa karatasi.

Mgeni akaeleza kwa fahari kwamba wao hawafichi kitu, kila mteja anaona bei inavyogawanywa.

Nikatafsiri, nikasubiri kelele.

Mama akasimama. Aliongea Kinyakyusa, nawawekea kwa Kiswahili.

"Hiki chembamba ndicho changu?"

Ndiyo, mama.

"Na ile hela wanayoongeza wateja imo humohumo?"

Nikamuuliza mgeni. Imo.

"Na wanaokunywa wanaliona duara hili?"

Mgeni akatabasamu. "Kila pakiti. Wanafurahi sana, wanasema wanajisikia vizuri kuwasaidia."

Wakuu, hapo nilitamani ulimi ukauke. Nikatafsiri hivyohivyo.

Mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, sokoni anayeongeza ni nani? Si muuzaji? Nikikuuzia ndizi nakuongezea mbili tatu ili urudi. Mnunuzi akiongeza mwenyewe bila kuombwa, ujue anajua amekupunja. Miaka yote nimewatetea hao wanywaji moyoni. Nasema wako mbali, hawajui. Kumbe wanajua, na wanakunywa?"

Akakaa.

Mwenyekiti wa chama akanikonyeza nimpambie mgeni maneno. Sikuweza, nikamfikishia neno kwa neno. Uso ukamwiva. Lakini alisema kweli, na kwa hilo namheshimu: alishajaribu kupandisha bei ili kile kipande kinenepe. Wateja walewale wanaomsifu wakachukua pakiti ya pembeni, ya bei rahisi.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na lile duara.

Wakati wa kuaga mama akampa mkungu wa ndizi, kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mgeni akatoa hela. Mama akazikataa, akamwambia "ndaga fijo", yaani asante sana, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilisikia jembe shambani. Nilienda kumzuia. Nikamkuta ameshang'oa mstari mzima wa chai, anahema, machozi yanamtoka na hajifuti. Nikachukua jembe la pili.

Wadau wa fair trade msinirukie. Bati za shule yetu zilitokana na mpango huohuo, nakiri mchana kweupe.

Ila nilichojifunza ni kwamba bei kuwekwa wazi ni jambo moja, bei kuwa ya haki ni jambo lingine. Mimi niliamini watu wakijua tu, watabadilika. Mama naye aliamini hivyo, ndiyo maana alivumilia misimu yote ile.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Nina swali moja tu kwenu wanywaji: ukishakiona kile kipande chembamba, unaweka kikombe chini au unaongeza sukari?