Maharage ya Kopo Moja la Mkaa

Nilikuwa nimeshafungiwa kilo mbili za maharage sokoni Ifakara alipofika mama mmoja. Hakuuliza bei. Aling'ata punje moja, akatega sikio kama fundi redio.

"Shikamoo mama," alisema muuzaji, binti mchangamfu.

"Marahaba. Yanaiva upesi haya? Nimebakiwa na kopo moja la mkaa, na watoto watano wanasubiri kula."

"Ukiyaonyesha moto tu, yanalainika!"

Mama akainama, akafunua sufuria iliyokuwa ikichemka kwenye jiko la binti, chini ya meza. Dagaa.

"Mwanangu, una gunia zima la maharage, unapika dagaa?"

Binti akacheka mpaka akaziba uso kwa kanga. "Mama, mkaa!"

"Haya. Dagaa umenunua wapi?"

Binti akaonyesha kwa mdomo, meza ya tatu. Mama huyoo, akaenda.

Mimi nimekula maharage katika stendi za mikoa mingi, sikuwahi kujiuliza yanakaa motoni muda gani. Nyumbani mke wangu aliupima mfuko kwa mkono, kisha akanipima mimi kwa macho.

"Asante, baba. Na mkaa wake uko wapi?"